Mjomba, msomaji kaniuliza kama Zainabu ana pumu

Shikamoo Mjomba,

Mi ni mdada wa miaka 27, niko Morogoro, mchana nauza duka la steshenari, fotokopi, laminesheni, kuprinti CV za watu, usiku naandika hadithi. Nina grupu la WhatsApp lina watu mia na kitu, kila jioni natupia sehemu moja na anayetaka kuisoma hadi mwisho anatuma buku mbili. Sio hela nyingi ila inalipa bando na inanipa raha.

Hadithi ya sa hivi ni ya Zainabu, binti wa Tanga anauza vitumbua Ngamiani, kaachwa na Rashidi aliyeenda Oman kutafuta maisha, miaka minne baadae Rashidi anarudi bila taarifa. Sehemu ya 14 ndo anarudi. Hiyo sehemu niliisubiri kuliko hata wasomaji wenyewe, nikaiandika nalia, nikatupia saa tatu usiku nikakaa nasubiri watu wapagawe. Mtu wa kwanza kujibu kaandika hivi: "Samahani mwandishi, huyu Zainabu ana pumu? Maana toka sehemu ya kwanza anashusha pumzi tu."

Mjomba, grupu zima lilicheka. Mmoja akaweka stika ya inhela. Mwingine akahesabu kabisa, eti kwenye sehemu hiyo peke yake kashusha pumzi mara nane, tabasamu ziko sita na ghafla ziko kumi na moja. Nikazima data nikalala.

Kesho yake nikachukua kamusi nikasema sasa watanikoma. Moyo nikaufanya mtima, msichana nikamfanya banati, kijana ghulamu, maisha nikaweka aushi. Nikatupia sehemu ya 15. Yule yule mtu akajibu: "Dada rudisha tu pumzi zako, hiki Kiswahili cha mashairi hatukiwezi."

Nataka hii hadithi niisafishe niipeleke kwenye ile Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, toka nilipoona kwenye TV watu wanapewa Aprili 2023 sijatulia. Naomba unipe orodha ya maneno yaliyochoka ambayo mwandishi hatakiwi kuyagusa, niyafute yote. Na je ni kweli "sana" halitakiwi kabisa? Kuna mtu kaniambia hivyo. Nakuwekea kipande ili uone:

"Ghafla mlango wa banda ukafunguliwa. Zainabu akapigwa na butwaa. Mapigo ya moyo yakaanza kumwenda mbio huku kijasho chembamba kikimtoka. Akameza funda la mate. 'Rashidi?' alisema huku akishusha pumzi ndefu. Rashidi akaachia tabasamu pana. Ghafla Zainabu akajikuta machozi yakimlengalenga."

Mpwa wako,
Mwenye Pumzi, Morogoro

*

Marahaba mpwa wangu.

Kwanza nikiri nimecheka, hilo la pumu nimemsomea na mama watoto akiwa jikoni akaniomba nirudie. Pole lakini, najua ilivyouma.

Nimekisoma hicho kipande mara tatu nne, na kuna kitu huyo msomaji wako kakigusa pengine bila kujua. Kila pumzi inaposhushwa, ni pale ambapo wewe hukujua Zainabu anafanya nini baada ya hapo. Yani ile pumzi sio ya Zainabu mpwa, ni ya kwako. Wewe ndo ulisimama, ukatulia, ukawa unatafuta mstari unaofuata, na vidole havipendi kukaa bure kwa hiyo vikaandika kile ulichokuwa unakifanya wewe. Na kwa vile unaandikia kwenye simu, kibodi nayo inakusoma, ukishaandika "akashusha" yenyewe inakuletea "pumzi" pale juu unabonyeza tu, maana ndivyo ulivyoifundisha.

Usidhani nakusema. Mi zamani niliwahi kuandika hadithi za mfululizo kwenye gazeti moja, unaandika usiku asubuhi kurasa zinaenda kupangwa, na ugonjwa wangu mimi ulikuwa "hatimaye". Hatimaye akafika, hatimaye akasema, hatimaye wakaoana. Mzee aliyekuwa anapanga kurasa akaniita siku moja akaniambia, kijana, leo hatimaye ziko tisa na hadithi bado haijaisha. Nikakaa nazo moja moja. Kumbe kila hatimaye ilikuwa imekaa juu ya kitu nilichokiruka. Sikutaka kuandika safari, nikaandika hatimaye akafika. Sikujua mume na mke wanaombanaje msamaha baada ya kofi, nikaandika hatimaye wakapatana. Nilikuwa bado kapera, ningejulia wapi?

Ndo maana hiyo orodha unayoiomba sina, na ningekuwa nayo nisingekupa, ungeenda kuyafuta hayo maneno halafu chini yake ungekuta patupu. Ndicho kilichokupata na kamusi. Moyo ukienda mbio au mtima ukienda mbio, mbio ni zilezile! Tena hayo maneno ya mtima na banati sio mabaya, yana kwao. Mshairi anayabeba kwa hesabu, anataka mizani, yani silabi, nane kila kipande cha mstari, "moyo" linampa mbili na "mtima" linampa tatu, kwa hiyo siku akipungukiwa na moja anajua pa kwenda. Wewe hupungukiwi mizani. Muuza vitumbua wa Ngamiani akiitwa banati kwenye hadithi ya kawaida ni kama kumvalisha joho akiwa amechuchumaa mbele ya jiko.

Sasa tuje kwenye hicho kipande. Nataka nianze na vile vidogo maana ndo vinavyojaza ukurasa bila wewe kuona, watu wanahangaika na kijasho chembamba wakati anayewamaliza ni "huku".

Angalia: "alisema huku akishusha". Hiyo -ki- kwenye akishusha tayari inasema vitu viwili vinatokea pamoja, ndo kazi yake, hakuna mtu kaiomba isaidiwe. "Alisema akilia" imejitosheleza. Sisemi huku ni kosa, kuna mahali inahitajika, hasa watu wakiwa wawili na kila mmoja anafanya lake, mama anapepeta huku mtoto anavuta kanga, sawa. Ila kwenye hadithi nyingi za siku hizi huku imekuwa gundi, kila sentensi inabandikwa kitendo cha pili kwa nyuma, alisema huku akitabasamu, alijibu huku akimtazama, aliondoka huku akitikisa kichwa, mtu hafanyi kitu kimoja akamaliza.

Halafu "yakaanza kumwenda mbio". Yalianza, sawa, yakaishia wapi? Kama hakuna kinachoyakatiza basi hayajaanza, yamekwenda tu. Na "akajikuta machozi yakimlengalenga", hilo kujikuta nalo lina mambo yake, wahusika wa siku hizi wanajikuta kila mahali, amejikuta analia, amejikuta kitandani, amejikuta ana mimba, utafikiri hakuna anayefanya jambo kwa akili zake.

Ghafla sasa. Kiswahili kina -ka- inayosukuma tukio juu ya tukio, na kina ufupi. "Mlango ukafunguka." Imeisha, msomaji kashtuka. Ukitanguliza ghafla umempigia honi, kajiandaa, mshtuko wenyewe ukija unamkuta kashasogea pembeni. Bibi zetu waliotusimulia usiku hawakuwa na ghafla nyingi, walikuwa na "mara!" na wananyamaza kidogo, au wanatoa sauti yenyewe, mara kitu pu! Kwenye maandishi huwezi kunyamaza ila unaweza kukata sentensi. Acha ghafla moja au mbili kwenye hadithi nzima, pale ambapo kweli hata mhusika mwenyewe hajaelewa.

Kuhusu sana, huyo aliyekwambia halitakiwi kabisa kakudanganya, mtu anayesema "nakupenda sana mama" unataka aseme nini? Kwenye mazungumzo waache watu waseme sana zao, waseme kiukweli, waseme mwisho wa siku, wakitaka waseme na "suala zima la", ndivyo tunavyoongea na redio ndo zilitufundisha. Shida ni pale msimulizi mwenyewe anaposema "alichoka sana". Lugha yetu imejaliwa hapo kuliko nyingi: mtu kachoka hoi, kalowa chapachapa, kalala fofofo, chumba kimya jii. Ila na zenyewe zitie kiasi, maana giza totoro kila usiku linachosha kama sana tu. Kuna wakati bora useme umeme ulikatika mtaa mzima, vikawa vinaonekana vitochi vya simu vinatembea vyenyewe barabarani. Hilo ni giza la Ngamiani, totoro ni giza la popote.

Na hapo ndo kwenye kijasho chembamba, umbo namba nane, macho ya kurembua na ndugu zao wote. Hizi zilikuwa nzuri mpwa, usizidharau. Kuna mtu siku moja alimwangalia mtu mwenye hofu akaona ule mstari mmoja wa jasho unateremka pembeni ya sikio, mwembamba, akaandika alichokiona. Waliofuata hawakuona kitu, walimsoma yeye. Na shule ikatuzidishia, mwalimu wa insha anatoa alama ukianza na jua lilichomoza likatandaza miale yake, basi nchi nzima tukatoka na miale, hata hadithi ya usiku mtu anatafuta pa kuichomeka.

Mi hicho kipande ningekiandika hivi, sio lazima ukichukue, Zainabu ni wako:

"Zainabu alikuwa ameinamia chuma, anageuza kitumbua cha mwisho. Kivuli kikaziba mlango.

'Vimebaki?'

Sauti aliijua kabla ya kuinua kichwa. Hakuinua. Alikigeuza kile kitumbua, akakigeuza tena, upande ulioiva ukarudi chini, akakigeuza tena, mpaka harufu ya kuungua ikajaa banda.

'Kimoja,' alisema. 'Kimeungua.'"

Hakuna moyo hapo, hakuna jasho wala pumzi, na sijatafuta neno hata moja kwenye kamusi. Nilichofanya nilijiuliza tu yule dada Rashidi alipoingia mikono yake ilikuwa wapi. We uliandika sehemu kumi na tatu anauza vitumbua halafu kwenye siku kubwa ya maisha yake ukamnyang'anya chuma, mafuta, kijiti cha kugeuzia, ukamsimamisha katikati ya banda ashushe pumzi. Mtu aliyeamka saa kumi usiku kukuna nazi, mchele kauloweka toka jana, hawezi kusimama akashangaa hivi hivi na mafuta yako motoni. Kushangaa kwake kutapitia kwenye vitumbua. Rashidi vilevile, miaka minne Oman, umempa tabasamu pana tu? Kavaa nini, anaongeaje sasa hivi, kaja na begi au kaja mikono mitupu, kaingia na viatu au kavivua mlangoni kama zamani? Mi ningetaka kujua viatu.

Na umeona nimesema "geuza" mara nne kwenye mistari michache? Hata huyo msomaji wako mwenye kuhesabu hatasema kitu, kwa sababu anajua kwa nini inarudi. Hapo ndo watu wanachanganya mambo, wakishasikia usirudie maneno wanaogopa marudio yote. Sisi tumelelewa kwenye marudio. Sungura anapoenda safari anaenda, anaenda, anaenda, kila "anaenda" ni kilomita. Shairi lina kibwagizo, mstari uleule unafunga kila ubeti na watu wanausubiri kuuitikia. Kinachoudhi ni neno kurudi kwa sababu mwenye nalo kalisahau kwamba ashalitumia.

Na "alisema" iache kabisa. Kuna watu wanaikimbia wanaandika alinena, alitamka, alilonga, aliongezea, watu wawili wanapiga stori za kawaida sebuleni unaona wananena na kulonga kama wako mahakamani. Jicho la msomaji linaruka juu ya alisema bila kuiona. Mtu akinong'ona kweli andika kanong'ona, akifoka andika kafoka, basi.

Sasa namna ya kuyawinda. Kwanza usiyawinde wakati unaandika, utashindwa kuandika kabisa, mwaga tu hizo pumzi zako usiku, ndo alama ulizojiwekea mwenyewe kwamba hapa sijafika. Maliza hadithi yote. Kaa nayo mbali wiki mbili, duka si lipo, uza madaftari. Halafu ihamishie kwenye kompyuta ya dukani, bonyeza Ctrl na F utafute. Ila kuna mtego, Kiswahili neno linabadilika mbele na nyuma, ukitafuta "alitabasamu" utapata mbili utajipongeza, kumbe akatabasamu na anatabasamu na wakatabasamiana na tabasamu lake wamejificha huko wote. Tafuta kipande cha katikati, andika "tabasam" ukomee hapo. Kwa kushangaa andika "shanga", itakuletea alishangaa, akashangazwa, mshangao, wote mstarini. Itakuletea na shangazi, na shanga za kiunoni kama Zainabu anazo. Hao waache, hawana kosa.

Ukishayapata usifute moja kwa moja. Simama kwenye kila moja ujiulize hapa nilikuwa natafuta nini. Mengine utakuta hayakuwa na kazi, ukiyatoa sentensi inakaa vizuri tu bila kuongeza kitu, nadhani nusu ya ghafla zako ni hizo. Mengine utakuta chini yake kuna tukio zima hujaliandika, hapo ndo utafanya kazi na inaweza kukuchukua jioni nzima kwa mstari mmoja, vumilia. Na machache utayaacha maana Zainabu siku moja moja kweli atashusha pumzi, binadamu tunashusha.

Kingine, isome kwa sauti. Tena sio wewe, wewe unajua ulichotaka kusema utasoma kile ulichotaka. Mpe mdogo wako au yeyote anayejua kusoma bila haraka, we kaa pembeni na kalamu. Akianza kusoma kwa kasi kama anasoma matangazo ya vifo redioni, weka alama, hapo ndo maneno yamezoeleka mpaka ulimi wake unayamaliza kabla ya macho kufika.

La mwisho, grupu na tuzo ni sehemu mbili tofauti, usizichanganye. Watu wa grupu wanasoma wako kwenye daladala, wamesimama, jana waliishia pabaya, wanataka kujua Rashidi kasemaje, ukiwawekea mapigo ya moyo wanajua mara moja hapa ni pa hofu wanasonga mbele. Kwao hizo semi ni vibao vya barabarani na kwa buku mbili yao wana haki navyo. Mi nisingewanyima vyote, ningepunguza tu. Jaji wa tuzo hajalipa buku mbili, kakaa na rundo la miswada mezani, na kwenye nusu ya hiyo miswada mlango umefunguliwa ghafla na mtu kapigwa na butwaa. Yeye andikia upya kuanzia sehemu ya kwanza, ukiwa na muda, bila kutupia popote.

Na huyo aliyeuliza kuhusu pumu usimtoe kwenye grupu, maana najua ulishafikiria. Mtu anayekumbuka mhusika kafanya nini toka sehemu ya kwanza mpaka ya 14, halafu akagoma kusoma banati, huyo anakusoma kuliko unavyojisoma. Mrudishie buku mbili yake, mwombe asome mswada kabla hujauprinti.